Nilifunga, Afande

Kamwokya, Kampala
Jumanne, 12 Machi 2024

Mwanangu Sumayiya,

Salaam kwako na kwa nyumba yako. Huenda hunikumbuki. Mimi ni Augustin Kidega, askari aliyefanya kazi na baba yako, Koplo Abwola, katika kituo chetu kidogo cha polisi miaka ya themanini. Kambini milango yetu ilitazamana. Ulikuwa na miaka tisa mlipohama, na ulipenda kukaa kizingitini kwetu ukimsubiri binti yangu Laker amalize uji mtoke kucheza. Ni Laker huyo huyo aliyekuona Kalerwe ukiuza maharage, akakutambua kwa sauti kabla ya sura. Yeye ndiye anayekuletea barua hii. Nimeibandika kwa gundi. Tafadhali usimwonyeshe yaliyomo.

Simu siiwezi tena, masikio yamekwisha. Nina miaka themanini na minne, moyo umechoka, na daktari ameniambia wazi kwamba maji yanapanda kwenye mapafu. Nalala nimeketi. Nikijinyoosha nazama.

Tuko katika Kwaresima, na kila Kwaresima kwa miaka arobaini na mmoja nimemfikiria baba yako. Utashangaa, kwa kuwa yeye ni Mwislamu. Lakini padri anapotusomea habari za Bwana aliyesimama mbele ya hakimu bila kosa, akanyamaza, mimi uso ninaouona ni wa Zubeir Abwola.

Kambini tulikuwa na desturi ambayo hakuna mkubwa aliyeiamuru. Siku za Idi sisi Wakristo tulishika zamu zote, ili wenzetu wakasali na kula na watoto wao. Krismasi na Ijumaa Kuu wao walishika zetu. Ijumaa Kuu ya mwaka 1983 nilichaguliwa kubeba msalaba wa mbao katika Njia ya Msalaba kuzunguka kambi, na baba yako alikuja kunipokea zamu. Siku hiyo alinibebea na mzigo mwingine, mzito kuliko ule wa mbao, na hakufungua kinywa chake. Yaliyowapata ninyi baadaye unayajua.

Nimemwambia Padri Tresor yote. Aliniuliza, "Mzee, huyo ndugu yako yuko wapi?" Nikasema Bwaise. Akasema, "Kutoka hapa ni boda moja tu, na wewe umengoja miaka arobaini?" Ameahidi kuniletea Komunyo siku ya Pasaka, lakini anataka kwanza nipatane na baba yako. Pasaka ni tarehe 31. Nisomee barua hii kwake, unijibu kama amenisamehe.

Wako katika Kristo,
A. Kidega


Bwaise
Ijumaa, 15 Machi 2024

Baba Kidega,

Salaam nyingi. Nitaachaje kukukumbuka! Wewe ndiye uliyekuwa ukituletea unga tulipofukuzwa kambini, gunia begani, umevaa magwanda, na majirani wa hapa wakikimbia wakidhani umekuja kukamata mtu. Na Laker amenenepa, banange, karibu nimwuzie maharage bila kujua ni yeye.

Mvua ya Jumatano iliingia ndani mpaka miguu ya kitanda. Barua yako ilikuwa juu ya kabati, imepona.

Nilimsomea baba neno kwa neno. Ana miaka themanini na sita. Masikio yake ni mazima kuliko yangu, ila husahau kama amekula. Mwezi huu mtukufu umetusaidia, hakuna chakula cha mchana cha kusahau. Tulimkataza kufunga, akatuambia sisi si daktari.

Nilipofika kwenye mzigo alinikatiza. "Mzigo gani? Ile kabati ya mama yako tulibeba wawili, na Kidega ndiye alichukua upande mzito. Huyu mtu anaumwa kichwa?" Nikamwambia sijui, labda ni maneno ya kanisani. Kisha akasema niandike hivi, naandika kama alivyosema:

"Mwambie mimi ndiye niliharibu Ijumaa Kuu yake. Wakamtoa kwa watu wake siku ya msalaba wake, wakamhoji kama mwizi, kwa sababu ya uzembe wangu. Sijawahi kumwomba radhi. Sasa namwomba."

Alilia kidogo. Mimi sielewi, Baba Kidega. Wewe unamwomba yeye, yeye anakuomba wewe. Nani amemkosea nani?

Sumayiya


Kamwokya
Jumatatu, 18 Machi 2024

Mwanangu Sumayiya,

Nimesoma barua yako mara nne na sijui niishike wapi. Naandika sentensi moja asubuhi, napumzika, naandika nyingine baada ya chai, na zikikutana kwenye karatasi hazijuani.

Kwanza nilidhani amesahau. Halafu nikasema hapana, huyu hajasahau, hata leo ananifunika. Bwana wetu akiwa juu ya msalaba aliwatafutia udhuru watu waliomgongomea misumari. Baba yako naye anafanya vivyo hivyo, na anatumia mdomo wa binti yake ili asimwaibishe rafiki yake mbele yako. Nililia kwa kuona mtu anavyoweza kuwa mwema hivyo. Saa moja baadaye nikaogopa, sijui naogopa nini.

Nisaidie. Aliposema maneno yale, alitabasamu? Alikuwa na tabia ya kutabasamu upande mmoja akijua jambo ambalo wewe hulijui. Na tena, siku ile jioni inspekta alipotusimamisha wote wawili mezani, akaniuliza swali nami nikajibu, baba yako aligeuka akanitazama. Hakusema neno. Nimeishi na jicho lile miaka yote hii. Nililielewa hivi: najua, na nitalibeba. Muulize alimaanisha nini.

A. Kidega


Bwaise
Jumatano, 20 Machi 2024

Baba Kidega,

Hakutabasamu.

Nilimwuliza habari ya jicho. Amesema, "Nilimtazama kwa aibu. Nilitaka kumwambia pole, lakini mbele ya inspekta huwezi kuongea." Nikamwuliza, kwani baba, una hakika ni wewe uliyeuacha ule mlango wa mahabusu wazi? Jibu lake ni hili: "Afande alimuuliza Kidega, ulifunga? Akasema, nilifunga, afande. Kidega akisema amefunga, amefunga. Sasa kama yeye alifunga na mahabusu akatoka, nani alifungua? Ni mimi. Nilifungua, nikasahau. Kichwa changu ndicho kibovu."

Nimemjua baba yangu kama mtu mwenye kichwa kibovu tangu nikiwa na miaka tisa. Sikujua kwamba kuna mahali alikipata.

Acha nikuambie, maana huenda hujui yote. Walimweka ndani miezi miwili, wakamvua magwanda, sisi wakatupa wiki moja kutoka kambini. Alipata kazi ya ulinzi mara mbili, na mara zote mbili aliacha mwenyewe wiki ya kwanza, akasema watu wataibiwa kwa sababu yake. Akasukuma toroli Kalerwe miaka kumi na nane. Msikiti ulitaka kumpa ufunguo wa stoo ya mikeka, akakataa, wakadhani ana kiburi. Hapa nyumbani ufunguo ulikaa kwa mama, na mama alipofariki ukaja kwangu. Tukitoka anarudi kuvuta kufuli. Anarudi tena. Mara ya tatu watoto wa jirani wanamhesabia kwa sauti. Mama alikuwa akimwita Bwana Usahaulifu. Siku njema alisema kwa mzaha.

Nimeisoma tena barua yako ya kwanza, peke yangu, na nimeanza kuiogopa. Mzigo ni nini? Usiniandikie kama padri. Andika kama askari: saa ngapi, mlango gani, nani alifanya nini. Na usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Sumayiya


Kamwokya
Jumamosi, 23 Machi 2024

Koplo Zubeir Abwola,

Ijumaa tarehe 1 Aprili 1983, saa saba na nusu mchana, nilimtoa mahabusu mmoja, mtu wa kesi ya baiskeli, akamwage ndoo uani. Nilimrudisha kwa mlango wa nyuma. Nilisukuma komeo, na kufuli niliibana kwenye pete ya fremu peke yake, sikuipitisha kwenye komeo. Ukisimama mbali ilionekana imefungwa. Nilikuwa na haraka. Wenzangu walikuwa wanavaa kanzu na nilitaka kuwa wa kwanza kuushika msalaba.

Saa nane ulifika, umetoka msikitini moja kwa moja. Desturi ya kituo ilikuwa anayepokea zamu avute kufuli zote kwa mkono wake kabla ya kutia sahihi. Ulikwenda kuvuta. Nikakuambia, "Acha, nimeshafunga, nachelewa." Ukatia sahihi.

Njia ya Msalaba ilianza saa tisa. Tulipofika kituo cha tano, pale Simoni wa Kirene anapokamatwa barabarani na kutwikwa msalaba, nikaiona ile kufuli mbele ya macho yangu jinsi nilivyoiacha. Niliiona wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Kituo cha polisi kilikuwa upande wa pili wa ukuta, mwendo wa dakika tatu. Watu wote wa kambi walikuwa nyuma yangu wakiimba. Mke wa mkuu wa kambi alikuwa analia kwa kunitazama. Nikajiambia, nitakwenda baadaye. Nikaubeba mpaka kituo cha kumi na nne. Nilipoutua mabega yalikuwa yamechubuka na watu wakanisifu.

Yule mtu alikuwa ameshatoka. Jioni inspekta aliuliza, "Kidega, ulifunga?" Nikajibu, "Nilifunga, afande."

Hukufungua mlango wowote. Hukusahau kitu chochote. Kichwa chako kilikuwa kizima siku ile, na kosa lako pekee ni kuniamini.

Hayo ndiyo niliyopaswa kuyaandika katika kitabu cha kituo jioni ile. Sasa naongeza moja ambalo sikulijua mpaka Jumatano. Mimi nilidhani unajua. Nilidhani uliamua kuninyamazia, na kila Kwaresima nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa ajili yako kama mtu aliyejitoa kwa rafiki yake. Lakini Bwana aliujua msalaba wake. Aliuogopa bustanini, akatoka jasho, akakubali. Wewe hukuulizwa. Nilikufanya mwokozi kwa sababu kama wewe ni mwokozi, mimi ni mwenye dhambi aliyependwa. Na kama wewe hukujua, mimi ni mwongo tu. Ulikuwa yule Simoni, uliyekamatwa ukitoka kwenye shughuli zako. Na aliyekukamata ni mimi.

Kesho ni Jumapili ya Matawi. Sijui tena namna ya kusali. Nikianza, jina lako linakuja mahali lilipozoea kuja, nami sina pa kuliweka.

Naomba msamaha wako.

Augustin Kidega


Bwaise
Jumanne, 26 Machi 2024

Baba Kidega,

Nilikaa na barua yako tangu Jumapili, iko ndani ya gunia la maharage. Nilijiuliza kama ni haki kumpa mzee wa miaka themanini na sita kitu kama hiki, na yeye amefunga. Nikajiuliza pia kama ni haki kumnyima. Jana baada ya Alasiri nilimsomea, tumekaa kwenye benchi nje, mimi huku nachambua maharage ili mikono yangu isionekane.

Alinirudisha pale kwenye pete mara tatu. "Peke yake? Amesema peke yake?" Nikasema ndiyo, baba. Akaniomba karatasi, akaitazama sahihi, akasema, "Ni yake. Hiyo K yake." Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma bei, "Kwa hiyo nilikuwa mzima."

Nikadhani atafurahi. Alisimama, akaanza kutukana kwa Kiacholi, maneno ambayo sijawahi kumsikia nayo, mpaka jirani akatoka kuuliza kama kuna nyoka. "Husnah amekufa!" alisema. "Husnah amekufa akijua mume wake ni mzembe! Nani atakwenda kumwambia sasa?" Halafu akakaa, akaomba Mungu amsamehe kwa kutukana katika Ramadhani. Muda kidogo akaanza tena.

Usiku alikuwa ametulia. Asubuhi hii ameniuliza, "Laker anajua?" Nikasema ulinikataza kumwonyesha. Akacheka, si kicheko kizuri. Amesema nikuandikie: "Watoto wangu wote walikua wakijua baba yao ni mtu gani. Na wako walikua wakijua nini? Usinitumie machozi. Mwambie Laker. Kwa mdomo wako, si kwa gundi."

Hayo ni yake. Yangu ni haya. Niliacha shule darasa la tano. Sijui kama nakuchukia. Natafuta ile chuki na nakuta gunia la unga. Ule unga tuliula, Baba Kidega. Nilikuwa nikikuona unatokea njiani narukaruka. Sasa niambie ulikuwa unga wa nini.

Sumayiya


Kamwokya
Alhamisi Kuu, 28 Machi 2024

Koplo Abwola, na mwanangu Sumayiya,

Mwandiko huu si wangu. Ni wa Laker. Mimi nasema, yeye anaandika.

Nilimwambia jana mchana. Mnajua ukutani kwetu kuna picha yangu nimevaa magwanda ya inspekta. Cheo hicho nilipewa mwaka uliofuata ule. Nilimwambia nikiwa nimekaa chini yake, kwa kuwa kiti changu kiko hapo na siwezi kukihamisha. Nilisema yote, saa na kufuli na kituo cha tano. Alikwenda kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa vichache, lakini aliviosha muda mrefu.

Miguu yangu imevimba, na kila jioni Laker huikanda kwa maji ya moto. Jana alikuja na beseni kama kawaida, akaikanda, hakunitazama. Leo makanisani mapadri wanaosha watu miguu, wakikumbuka Bwana alivyowaosha wenzake, na yule wa kumsaliti akiwemo. Nimesikia habari hiyo maisha yangu yote nikidhani naielewa. Jana sikuelewa chochote. Sijui kama mwanangu amenisamehe au ni kwa sababu maji yalikuwa yameshapashwa.

Leo asubuhi amekuja na kalamu, akasema, "Haya, sema. Naandika."

Nilidhani kufa ndiko kugumu. Kufa nimekuzoea. Hiki cha jana sijui nikiite nini.

Sumayiya, umeuliza ule unga. Nimefikiri usiku kucha na jibu langu ni baya: sijui. Niliwapenda. Nilikuwa naogopa pia. Nilipoubeba begani sikuweza kutenganisha, na sasa siwezi. Kama ungekuwa wa mapenzi tu, ningesema ukweli. Kama ungekuwa wa woga tu, nisingefurahi ulivyokuwa ukiruka.

Abwola, sikuombi unijibu kabla ya Pasaka. Padri nitamwambia mambo yalipofika, na yasipofika.

Kidega

Dada Sumayiya, ni mimi Laker. Hapa baba amelala, naandika yangu. Nilisoma mpaka chuo. Sikujua nasoma kwa mshahara wa nani. Nimeiondoa picha ukutani, halafu nikairudisha, halafu nikaiondoa. Sasa iko juu ya kitanda changu imelala kifudifudi. Jumatatu nitakuja Kalerwe kununua maharage. Ukinifukuza nitaelewa.


Bwaise
Jumamosi, 30 Machi 2024

Kidega,

Naandika mwenyewe. Mwandiko umepinda, soma polepole. Sumayiya ananiletea maneno nikikwama, lakini haya ni yangu.

Barua nimeisikia. Mwandiko wa Laker nimeuona kwa macho yangu. Mtoto anaandika vizuri, usimfokee kwa ajili ya picha.

Mlango nimekusamehe. Kufuli mtu yeyote anaweza kuiacha, hata mimi ningeweza, ingawa sasa najua sikuiacha. Nilikusamehe Alhamisi, haikuwa kazi.

Kutoka kituo cha tano mpaka cha kumi na nne, hapo bado. Jana ilikuwa Ijumaa Kuu yenu na Ijumaa yetu, nikajaribu baada ya sala. Nilisema maneno, moyo ukakataa. Nikajaribu tena, ukakataa. Sitakuandikia kwamba nimesamehe wakati sijasamehe. Mmoja wetu ameshadanganya, inatosha.

Padri wako akiuliza, mwambie Abwola anasema bado, lakini hajakataa. Yeye amesoma, ajue mwenyewe kama hiyo inatosha kwa mkate.

Kesho asubuhi nakuja. Sumayiya ametafuta gari. Siji kula sikukuu, nimefunga. Nakuja kwa sababu kuna mambo nataka kukuambia mbele ya uso wako, na kwa kuwa husikii, nitayasema kwa sauti, na Kamwokya yote itasikia. Halafu nitakaa. Sijui nitakaa muda gani.

Usife kabla sijafika.

Zubeir Abwola